Miguu Chini ya Leso

Panya siwapendi, ingawa wamenilisha miaka. Maabarani kule Nairobi tulikuwa tukichunguza jeni yao moja, ile inayotengeneza mlango wa kuingilia mofini, dawa ya maumivu makali, kwenye seli. Mbele ya jeni hiyo kuna kipande kidogo kiitwacho promota. Mimi nakiita swichi. Swichi ikizembea, jeni yenyewe iko nzima lakini milango hutokea michache, na mofini unayompa panya huyo inazunguka mwilini bila pa kuingilia. Unamweka kwenye bamba lililopashwa moto. Halii. Anainua mguu wa nyuma, anaurudisha, anauinua tena, huku amekutolea macho. Wallahi, macho yale nilikuwa nikirudi nayo nyumbani.

Mama alipopata saratani ya mifupa nikaja kwetu Amu, kisiwani Lamu, kumuuguza. Hospitali walitupa mofini ya maji, nikawa nampa kwa mkono wangu. Akatulia, hata kuguna haguni. Jirani yetu, kila akija kumjulia hali, husema, "Mashallah, dawa imemkaa," nami kichwa kinanivimba. Nilisahau nimekulia wapi. Nyumbani kwetu mwanamke hata akizaa, sauti yake haivuki ukuta.

Siku moja baada ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa kimya, hata punda hasikiki. Panya wa darini tu ndio waliokuwa wakikwaruza juu ya boriti, wakisita, wakikwaruza tena. Mama alilala chali, uso umetulia kama wa maiti aliyekwisha oshwa. Nilimfunika leso, ikamwacha miguu nje. Mguu wa kushoto ukainuka kidogo. Ukashuka. Ukainuka tena.

Nikamtazama usoni, kumbe ameyatoa macho, ananitazama.

"Mama, dawa haikusaidii?"

"Haipati ndia ya kupita, mwanangu. Tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukusema, jamani?"

"Uliifurahia mno."

Sijui kama ni swichi yake iliyozembea, hakuna aliyempima. Nilimpigia daktari simu, akasema nimpeleke alasiri, ziko dawa zinazopita mlango mwingine. Sijakata simu, nikasikia hodi ya jirani. Mama akaivuta leso upesi, akaficha miguu.

"Mashallah," jirani akasema, "leo kapumzika kabisa."

"Hajapumzika, Bi!" Sauti ilinitoka kali kuliko nilivyotaka. "Anaungua. Kila siku anaungua, na sisi tumekaa hapa tunashukuru!"

Jirani alishika mdomo. Mama alinikata jicho, aibu imemjaa. Kisha midomo ikamcheza, akafungua kinywa, akalia. Ilikuwa sauti nzito ambayo maishani mwangu sikuwahi kuisikia kwake, ikatoka dirishani, ikavuka ukuta, ikaenda zake mtaani. Panya darini wakanyamaza. Nikaifunua leso, nikamshika miguu yote miwili, nikamwacha alie.