Maharagwe ya Nafula

Siku moja naikumbuka sana, mwanangu, kwa sababu nilivuka mpaka kwenda soko la Busia bila kitu cha kuuza wala haja ya kununua. Nilikwenda kumkamata mwizi.

Mwizi mwenyewe, kwa mawazo yangu, alikuwa mwalimu wa nasari wa binti yangu Nafula. Alitujia kijijini Buhehe, huku Uganda, kutoka upande wa Kenya, mpole kupita kiasi, na mtu mpole kupita kiasi mimi huwa simwamini. Alituomba kila mzazi alete kikombe cha maharagwe. Basi kila jioni Nafula anarudi miguu imejaa vumbi, daftari jeupe.

"Mmesoma nini leo?"

"Tumechambua maharagwe, mama. Tumeruka."

Dalili ya mvua ni mawingu. Nani hapa mpakani asiyejua kwamba maharagwe yaliyochambuliwa hupata bei nzuri kuliko yaliyochanganyika? Nikasema, watoto wetu wamefanywa vibarua.

Na nilikuwa na la kuogopa. Nafula alikuwa mzito wa kushika. Akihesabu, hufika tatu akakwama. Baba yake alishasema kwamba asipojua kuhesabu kabla ya mwaka kwisha, atabaki nyumbani achunge mbuzi.

Nikatega mtego. Nikampa Nafula apeleke shule maharagwe ya madoadoa, mbegu niliyotoka nayo kwa mama yangu kule Mukuju, na Buhehe hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Siku ya soko nikatia mkono gunia baada ya gunia, wachuuzi wakinifokea. Sikuyaona. Unadhani nilitulia? Nikasema, mwalimu kayauza jana. Mashaka, mwanangu, hayakosi jibu.

Nikarudi Buhehe moja kwa moja hadi darasani. "Mwalimu, haya maharagwe yetu yanakwenda wapi?"

"Karibu, Mama Nafula," akasema. "Subiri kidogo, ni zamu yake."

Nafula alikuwa amefungwa kitambaa machoni, mkono ndani ya beseni. Akapapasa, akaacha mahindi, akaacha karanga, akatoa haragwe moja na kuruka papo hapo. "Moja." Akapapasa tena. "Mbili." Akaruka. "Tatu." Hapo mimi nikafumba macho, maana napajua. Nikasikia miguu ikitua. "Nne!" Akaenda hivyo hivyo mpaka kumi, nami nikalia mbele ya watoto wa watu bila haya.

"Lakini huyu nyumbani hajui," nikamwambia mwalimu.

"Nyumbani mnamuuliza akiwa amekaa."

Jioni ile nikaweka beseni mbele ya baba yake. Nafula akaruka mpaka kumi, baba akitazama. Kesho yake baba akaenda kuchunga mbuzi mwenyewe.

Sikuambii uache kushuku, mwanangu. Kikulacho ki nguoni mwako, na walimu wanaowalimisha watoto mashamba yao wapo, nawajua. Ila mashaka yako yapeleke mpaka mlangoni, uone kwa macho yako kabla hujamtoa mtoto shule. Wala usipime kusoma kwa daftari tu. Mtoto mwingine hesabu humwingilia kwenye vidole, mwingine kwenye nyayo. Mwache aguse, aruke, achafuke.

Mungu akujalie kuiona siku mtoto wako anapojua. Na kabla siku hiyo haijafika, akuzuilie ulimi usimwite mjinga, kwa maana mimi nilimwita.