Niliposema Mdogo Wangu Amepona

Nakumbuka, mwanangu, siku tuliyopokea wageni kutoka Sumbawanga mjini, mwaka wa pili tangu tuhamie kijiji cha Ujamaa. Mimi nilikuwa kiongozi wa akina mama, mwanamke kijana mwenye mdomo na kiherehere, najiona najua kila kitu.

Nilikuwa na mdogo wangu, Fides. Utotoni alichelewa kusema. Kengele ya kanisa ikilia aliziba masikio akapiga mayowe, na ukimbadilishia bakuli lake la uji alilia mpaka mchana. Alipokua, hayo yakapungua. Mama alimfundisha kuamkia kwa desturi yetu sisi Wafipa, kuchuchumaa na kupiga makofi taratibu, naye akalishika somo lile neno kwa neno. Basi nikakitangazia kijiji kizima kwamba mdogo wangu amepona.

Siku ya wageni nikampanga mbele kabisa, awaamkie mmoja mmoja. Nilitaka sifa, sikufichi.

"Dada, niache niende shamba nikafukie majani kwenye matuta," aliniambia. "Watu wengi wananichosha."

"Wewe mtu mzima sasa. Usinitie aibu."

Akawaamkia wote bila kukosea. Ngoma na vigelegele vilipopamba moto, akaketi chini palepale, akaziba masikio na kufumba macho. Nikamvuta mkono mbele ya umati, nikamkaripia: "Acha utoto!" Watu wakacheka. Fides hakulia. Laiti angelia, labda ningeshtuka.

Jioni Mama aliniita. "Nani alikwambia amepona? Fides hakuwa mgonjwa. Amekua, amejifunza kujikaza. Akitoka kwenye watu analala bila kula. Wewe huwa uko wapi?"

Nilikuwa nyumba hiyohiyo, mwanangu. Nilikuwa simwangalii tu.

Kesho yake nilimfuata shambani kuomba radhi. Aliponiona akaweka jembe chini, akachuchumaa, akapiga makofi taratibu, akaniamkia vizuri sana, vilevile alivyowaamkia wageni. Hivyo ndivyo alivyoniamkia miaka yote mpaka tukamzika. Neno "dada" sikulisikia tena kinywani mwake, na hilo linaniuma hadi leo.

Siku hizi hali ile ina jina, wanaiita usonji. Sisi hatukuwa na jina, lakini macho tulikuwa nayo. Mtoto wa namna hiyo akikua hubadilika kweli. Mayowe huisha, maneno huja, adabu huzidi hata yako. Usidhani basi kwamba mzigo umetua. Mara nyingi anaubeba kimyakimya ili wewe usione haya. Muulize kinachomchosha. Akikwambia "niache", mwache, hata kama wageni wako mlangoni. Na usimtumie ndugu yako kujitafutia sifa.

Mungu akubariki, mwanangu, akujalie kuwasikia watu wa nyumbani kwako wakati bado wanataka kukuambia.