Damu kwenye Mswaki wa Mwalimu Madinah

Mwalimu Madinah wa Mafubira, kitongoji cha Jinja, hakuumbwa kutulia. Marehemu mumewe alikuwa akimtania kwamba hata chai huinywa akitembea, na hakutia chumvi. Jumatano alikuwa Mbale akinunua mabaibui na nguo za watoto kwa bei ya jumla. Siku zilizobaki aliuza nguo hizo Jinja nyumba kwa nyumba, na baada ya swala ya alasiri alikuwa barazani kwake akiwasomesha Kurani watoto thelathini na wawili, akizunguka kati ya mikeka. Alikuwa mkali, lakini wazazi walimpenda, kwa sababu mtoto aliyepita mikononi mwake alitamka kila herufi mahali pake. Ile herufi ya tha aliwafundisha kwa kuwaonyesha kinywa: ncha ya ulimi hapa, meno ya mbele ya juu hapa, tazameni.

Mwaka huu hakutaka tena kutazamwa. Jino moja la mbele, la juu, lilikuwa linacheza.

Aligundua wiki chache baada ya Idi, akila muhindi wa kuchoma. Tangu hapo ulimi wake haukuliacha. Alilisukuma akiwa jikoni, akiwa sokoni, hata akiwa kwenye swala, Mungu amsamehe. Likianguka, tha na dhal zitatoka kinywani mwake zikipuliza upepo, na mwalimu wa Kurani asiyeweza kutamka ni mwalimu wa nini? Hofu hiyo ilimkosesha raha kabisa. Akaanza kufundisha ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio, watoto wakadhani ana mafua yasiyoisha.

Tuseme ukweli, balaa lenyewe alilipalilia kwa mkono wake. Mwanzoni mwa Ramadhani alipiga mswaki mchana, ukatoka mwekundu. Mwanamke mcha Mungu akashtuka: damu ikishuka kooni, saumu si imekwenda? Hakumuuliza sheikh yeyote, maana Madinah si wa kuuliza, ni wa kuulizwa. Aliutia mswaki kabatini mwezi mzima, mchana na usiku. Idi ilipopita akajaribu tena, damu ikatoka nyingi kuliko mwanzo, akakata shauri kwamba fizi zake zimechoka na zinataka kupumzishwa. Akawa anasukutua maji ya chumvi na kutafuna karafuu. Fizi zikapumzishwa hivyo mpaka zikavimba na kuwa na rangi ya ini.

Aliyemfungua macho alikuwa Beldina, Mkenya aliyekuwa akimuuzia nguo pale Mbale kwa miaka tisa. Beldina ni mtu wa kanisa, na hajui kuzungukazunguka na maneno. Jumatano moja, walipokuwa wameinamia robota moja wakichagua mabaibui, alirudi nyuma hatua moja.

"Dada, usinikasirikie," alisema. "Mdomo wako unanuka. Si leo tu, ni wiki kadhaa sasa. Hapo ndani kuna kitu kinaharibika."

 Madinah alienda hadi mlangoni, akarudi, akaenda tena, akarudi. Mwishowe alishusha mtandio akaligusa lile jino kwa kidole, likayumba.  Beldina alifunga duka saa nne ya asubuhi, jambo ambalo hajalifanya hata kwa msiba, akampeleka kwa daktari wa meno mtaa wa pili.

Daktari Gidudu alikuwa Mgisu, mwenyeji wa Mbale, mpole, mnene, ambaye Kiswahili chake alikirithi kwa baba mwanajeshi. Kilikuwa Kiswahili cha kambini, lakini Madinah alikielewa chote.

"Mama, keti kwanza," alisema kwa mara ya tatu. "Wewe napiga mswaki mara ngapi kwa siku?"

"Tangu Ramadhani sijapiga. Ilikuwa inatoka damu."

 Gidudu alimpa kioo ajione, akavuta mdomo wa juu kwa kidole. "Ona hii ya njano, iko chini ya ufizi. Mwanzo iko laini, vijidudu na chakula tu, mswaki naondoa. Ukiacha, nageuka kama jiwe. Hiyo ni ugaga. Ufizi nafura, natoa damu, naachana na jino. Halafu chini, mfupa ile nashika jino naanza kuisha."

"Kwa hiyo damu si ya mswaki?"

"Hapana, mama. Damu ilikuwa naita mswaki. Wewe ukaficha mswaki."

Alimpima sukari, kwa sababu mwenye sukari iliyopanda fizi zake huharibika upesi. Ilikuwa sawa. Kisha akamkwangua ule ugaga kwa muda wa saa nzima, na kwa Madinah maumivu hayakuwa kitu yakilinganishwa na kulazwa pale bila kujongea. Vidole vya miguu vilicheza ndani ya soksi mwanzo hadi mwisho.

"Litapona?" aliuliza alipoinuka.

"Ufizi itapona, kama utasugua asubuhi na kabla ya kulala, na mswaki laini, halafu upitishe uzi katikati ya meno. Jino sijui. Mfupa ikienda hairudi. Inaweza kushika kidogo, inaweza kutoka. Rudi miezi mitatu." Akavua glavu. "Na mambo ya kufunga, mimi si Mwislamu. Lakini masheikh nakuja hapa, wao nasugua Ramadhani yote. Wao nasema tema tu, usimeze."

Hapo ndipo Madinah alipokumbuka. Ramadhani ile ile, mwanafunzi wake Nuriat, msichana wa miaka kumi na mmoja, alimuuliza mbele ya wenzake afanyeje, maana mswaki wake nao ulikuwa unatoa damu. Madinah alijibu bila kufikiri: acheni. Watoto thelathini na wawili walirudi makwao na neno hilo.

Kesho yake hakuuza hata nguo moja. Alizunguka uani asubuhi nzima, akifagia palipofagiliwa. Karibu na barabara kuu kulikuwa kumefunguliwa madrasa mpya, yenye mwalimu kijana mwenye shahada. Mzazi akisikia kwamba Madinah alikosea hili, atajiuliza ni mangapi mengine alikosea. Angeweza kuwaambia tu watoto warudie kupiga mswaki, basi, bila kueleza kwa nini. Wazo hilo lilimvutia sana, na alilichukia kwa jinsi lilivyomvutia.

Baada ya alasiri alisimama mbele ya mikeka, akashusha mtandio.

"Mwezi wa Ramadhani niliwaambia mswaki ukitoa damu muuache," alisema. "Nilikosea. Kutema damu hakuvunji saumu. Mimi niliuacha, na sasa jino langu linalegea."

Nuriat aliinua mkono polepole. "Mwalimu, mimi bado nimeuacha."

Madinah alimwita. Alimfunua mdomo wa juu, akaona fizi nyekundu zilizovimba. Alimpa mswaki mpya aliokuja nao kutoka Mbale, akauchukua na wake, wakainamia beseni moja mbele ya darasa zima. Damu ilipotoka, msichana alisita, akamtazama.

"Endelea," Madinah alisema. "Polepole. Usiache."

Walisugua, wakatema, maji ya beseni yakawa mekundu kwa damu ya wote wawili. Nuriat alijifuta mdomo kwa kiganja.

"Mwalimu, na langu litang'oka?"

Madinah aliyagusa meno ya yule mtoto moja moja kwa kidole, ya juu na ya chini. Hakuna lililosogea.

"Yako hayatang'oka," alisema.

"Na la kwako?"

"Sijui," alisema Mwalimu Madinah, na watoto wakatazamana, maana hawakuwahi kumsikia akilitamka neno hilo.