Kiberiti Changu na Asali ya Kasulu

Juzi niliingia soko la zamani la Kasulu kutafuta asali ya kupeleka nyumbani Dodoma. Mama muuzaji alinidondoshea kiganjani nionje. Nikalamba, nikasifia, kisha nikatoa kiberiti. Si tunaambiwa njiti iliyochovywa kwenye asali safi huwaka? Nikachovya, nikakwaruza. Haikuwaka.

"Hii imetiwa maji!" nikatangaza. Wanawake wawili waliokuwa wakichagua chupa wakazirudisha mezani, wakaondoka.

Mama hakubisha. "Sasa washa isiyo na asali, baba."

Nikakwaruza. Haikuwaka. Nyingine, vilevile. Ndipo nikakumbuka mvua iliyonilowesha asubuhi nikitoka Kabanga.

Nilinunua chupa tatu. Lakini nilimtuhumu soko zima likisikia. Radhi nilimwomba kwa kunong'ona.