Ndege Ilipoteleza Siku ya Sabato

Mvua ya mawe ilipiga kijiji chetu cha Nyansiongo mpaka michai ikabaki vijiti. Tulipotoka kanisani tulikuta kila mahali peupe. Hata ule uwanja wa ndege wa nyasi waliouacha masetla wa kizungu, ambao sisi hulishia ng'ombe, ulikuwa umefunikwa na barafu.

Ndipo ndege ndogo ikaja kutua. Magurudumu yaligusa barafu, ikateleza kama sabuni ndani ya karai, ikavunja ua na kuingiza pua mtaroni. Tulikimbia. Rubani alikuwa peke yake, mzima, anagonga kioo. Mlango ulikuwa umezibwa na matope, na mafuta yanachuruzika chini ya bawa.

"Leteni jembe!" nikapiga kelele. "Mafuta yakishika moto, ataungua huyu!"

Shemasi wetu akanitazama kama nimemtukana. "Magokoro, wewe ni bibi mwenye wajukuu, unajua leo ni Sabato. Jembe halishikwi."

"Na ng'ombe wako akitumbukia shimoni leo?"

"Huyo ni ng'ombe," akasema. Watu wakacheka.

Haya, jembe ni dhambi. Lakini mitungi ilitoka, sijui wapi. Wanakwaya, na sare zao nyeupe, walichuchumaa chini ya bawa kukinga mafuta huku rubani anawatazama kupitia kioo.

"Sogea, wewe umeshajaza!"

"Nani amekwambia nimejaza? Chunga wako!"

Hao ndio asubuhi walikuwa wameimba mpaka wakalia. Nilitema mate.

Nyumba yangu iko karibu. Nilileta jembe, mke wa mwanangu akaleta kisu. Nilichimba matope mpaka mlango ukafunguka kidogo, yeye akaingiza mkono akakata mkanda. Nikamshika rubani mabegani. Shemasi alipotuona tumeweza, akaja akashika miguu. Nikasema moyoni, afadhali, Mungu amemgusa.

Tulimlaza mbali na ndege, juu ya barafu, maana pakavu hapakuwa. Alikuwa anatetemeka meno yakigongana. Akainua kichwa, akaangalia soksi zake zimelowa.

"Mama, viatu vyangu viko wapi?"

Nikageuka. Shemasi alikuwa ameshafika barabarani, Biblia kwapa hili, koti limevimba kwapa lile, anatembea haraka bila kuangalia nyuma.

Nilifungua leso yangu kiunoni nikamfunga miguu. Nilimwambia vimebaki ndani ya ndege. Ningemwambiaje kwamba ni shemasi?