Watatu Walisema Hana Hatia

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwambia mama mkubwa kwamba mwanawe hawezi kunyongwa ikiwa hata mzee mmoja wa baraza atakataa. Nilimwambia bila kusita, mimi ambaye barua ya mteja naichapa upya kwa sababu ya nukta moja iliyokaa vibaya.

Nina steshenari ndogo Korogwe, karibu na stendi. Shule niliishia kidato cha nne, mengine nimejifundisha kwenye simu. Mtoto wa mama mkubwa, kaka yangu, alikamatwa kwao Handeni kwa kesi ya mauaji. Kijana aliyetuhumiwa kuiba mahindi alipigwa shambani mpaka akafa, na shahidi mmoja alisema alimtambua kaka kwa mwanga wa tochi. Wakati huo jaji wa Mahakama Kuu hakusikiliza kesi kama hiyo peke yake. Alikaa na washauri, watu wa kawaida waliochaguliwa uraiani. Sisi tuliwaita wazee wa baraza, hata aliyekuwa mwanamke.

Nilisoma sana. Bahati mbaya nilisoma habari za nchi nyingine, ambako raia kumi na wawili hupiga kura kabla mtu hajahukumiwa kufa, na mahali pengi mmoja akikataa, mtu haponyoki jela lakini hafi. Nilijua hata mabishano yao: wengine wanataka wote wakubaliane, wengine wanaona wingi unatosha. Yote nilikuwa nayo kichwani. Ya nchi yangu sikuyatafuta, kwa sababu nilidhani sheria ni sheria.

Na mama mkubwa hakuhitaji kushawishiwa. Kwao, ugomvi wa mpaka wa shamba ukikaliwa na wazee, au wa ndoa, wakishasema neno moja, umekwisha. Hakuna anayelipindua.

"Hao wazee ni wangapi?" aliniuliza.

"Watatu."

"Na wote lazima waseme anyongwe?"

"Wote, mama. Mmoja akigoma, hanyongwi."

Baba mdogo alikuwa pembeni anamenya muwa. "Msikilize huyo wakili wa fotokopi," akasema. "Kesho atatutolea nakala ya hukumu."

Tulicheka. Mama mkubwa hakucheka. Alikuwa ananitazama mdomoni.

Kikao kilifanyika Korogwe. Mashahidi walipomaliza, jaji aliwaeleza washauri habari yote ya kesi, kisha akamtaka kila mmoja atoe maoni yake. Mzee wa kwanza alisema tochi ya gizani haimtoshi kumtia mtu hatiani. Wa pili akasema hivyohivyo. Yule mama wa tatu alisimama, akarekebisha mtandio, akasema, "Mheshimiwa, na mimi naona hana hatia." Mama mkubwa alinifinya mkono mpaka kucha zikaingia.

Nje, wakili tuliyepewa na serikali alituwahi mlangoni. "Msifurahi mapema. Hayo ni maoni tu. Jaji hafungwi nayo."

Alipoondoka, mama mkubwa akanigeukia. "Amesema nini?"

Hapa ndipo ninapojichukia. Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Nikasema, "Mawakili ndivyo walivyo, mama. Hawapendi kuahidi."

Basi akarudi Handeni kumwandalia mwanawe nyumba. Alikandika upya chumba chake, akaziba bati lililokuwa linavuja. Siku ya hukumu alikuja na shati jipya ndani ya mfuko, limepigwa pasi, kwa sababu hakutaka mwanawe apite stendi na nguo za mahabusu.

Jaji alisoma muda mrefu. Alitaja maoni ya washauri, akasema anayaheshimu, kisha akaeleza kwa nini hakubaliani nayo. Shahidi alikuwa anamfahamu mshtakiwa toka utotoni, usiku ule walikuwa karibu, tochi ilikuwa na mwanga wa kutosha. Akamtia hatiani kwa kuua kwa kukusudia, akasema kwa kosa hilo sheria haimpi adhabu ya kuchagua. Kunyongwa hadi kufa.

Hakuna kura iliyopigwa juu ya kifo cha kaka. Wala ile ya mmoja niliyoiahidi mimi.

Mama mkubwa hakulia pale ndani. Tulipofika chini ya ngazi akaniuliza, taratibu kabisa:

"Wale wazee walisema nini?"

"Walisema hana hatia."

"Wote?"

"Wote, mama."

"Sasa anayemnyonga ni nani?"

Nilianza kumweleza, nikatafuta maneno sahihi, kwa sababu hata wakati ule nilitaka sentensi ikae vizuri. Hakuningoja nimalize. Alinipa mfuko wa shati nimshikie ili afunge kanga, kisha akaenda kupanda gari la Handeni bila kuuchukua.

Watu walikuja kunituliza. "Siku hizi hawanyongi," walisema, kana kwamba kukaa miaka ukingoja kunyongwa ni kupona. Baba mdogo hakuniita tena wakili. Ningefurahi kama angeniita.

Rufaa ilikatwa, ikashindwa. Kaka yuko gerezani, na adhabu ni ileile. Sheria imeguswa upande mwingine: jaji sasa anaweza kusikiliza kesi kama ile bila wazee wowote. Dukani kwangu mtu akiniuliza habari ya kesi yake, namwambia sijui, aende kwa wakili, na wakili akisema jambo asilolipenda alisikilize. Mama mkubwa nikimwambia shikamoo anaitikia marahaba. Haniulizi kitu chochote tena.