Maombi ya Gari la Mbio

Jumamosi asubuhi, kwenye kituo cha petroli hapa Emali, bwana mmoja alisimamisha gari la mbio jekundu ambalo kimo chake hakikufika kiunoni. Alimwomba mchungaji aliyekuwa akingoja basi aliombee, maana alitaka kuwahi chakula cha mchana Mombasa.

Mchungaji alichutama, akapapasa tairi la mbele. Lilikuwa kipara.

"Unakimbiza ngapi?"

"Maili mia, Pastor."

"Na hii tairi?"

"Ndiyo maana nataka maombi."

Mchungaji aliingiza mkono dirishani, akachomoa funguo, akazitia mfukoni, akafumba macho. "Bwana, tunakushukuru kwa sababu hii gari haitoki Emali leo."

Tuliokuwa kituoni tuliitikia wote, isipokuwa mwenye gari. Maombi mengi nimeyasikia kwenye barabara hii. Haya ndiyo ya kwanza kujibiwa kabla ya Amina.